Kodi ya Pango na Hesabu ya Gunia: Mwongozo kwa Mwenye Mashine ya Kusaga

Mwenye nyumba amekuletea habari: kuanzia mwezi ujao, pango la banda lako la mashine linapanda. Utalala ukipiga hesabu, na kabla hakujakucha mawazo matatu yatakuwa yamekujia. La kwanza, upandishe bei ya kusaga. La pili, uongeze saa za kazi ili magunia yawe mengi na pango ligawanyike. La tatu, upunguze kazi kwa kuwa biashara imekuwa ghali. Kila moja lina sura ya busara, na kila moja litakupunguzia fedha.

Mwongozo huu unaeleza kwa nini, na unakupa njia ya kupiga hesabu itakayokufaa siku pango likipanda, siku bei ya soko ikishuka, na siku mkataba ukiisha. Mfano wangu ni mashine za kukoboa na kusaga mahindi kwa malipo, kama zilivyo nyingi Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam. Pale mteja akishusha magunia yake na kutajiwa bei isiyo ya soko, anayapakia tena na kwenda kwa jirani. Hakuna mwenye mashine anayepanga bei peke yake. Anaikuta sokoni, kisha anaamua asage kiasi gani. Hilo ndilo soko la ushindani, na ndani yake gharama zisizobadilika zina tabia ambayo wafanyabiashara wengi wazuri hawaioni mpaka iwe imewala.

Tabia yenyewe ni hii: gharama isiyobadilika huamua kama ubaki kwenye biashara mkataba unapoisha. Haiamui usage magunia mangapi leo. Atakayeyachanganya maswali haya mawili atafanya kazi sana na kupata kidogo.

Hatua ya kwanza: ligawe daftari lako

Chukua matumizi yote ya mwezi, kisha kwa kila moja jiulize: nikisaga gunia moja zaidi, matumizi haya yanaongezeka? Yasiyoongezeka yaandike upande wa kushoto. Hizo ndizo gharama zisizobadilika. Yanayoongezeka yaandike kulia.

Tuseme kushoto kwako kuna pango Sh 600,000, rejesho la mkopo wa mashine Sh 450,000, mlinzi Sh 240,000, mwendesha mashine Sh 450,000 (Sh 15,000 kwa siku), na leseni na mengineyo Sh 60,000 ukiyagawa kwa mwezi. Jumla ni Sh 1,800,000, yaani Sh 60,000 kwa siku kwa mwezi wa siku 30. Kulia kuna umeme, malipo ya vibarua wanaobeba kwa gunia, nyundo na chekeche zinazolika, na mikanda. Hesabu hizi ni za mfano; ukimaliza kusoma, weka zako.

Usikubali kudanganywa na jina la malipo. Tozo ya kila mwaka, isiyotazama umesaga kiasi gani, iko kushoto. Ushuru unaotozwa kwa asilimia ya mauzo uko kulia, hata kama unalipwa ofisi ileile. Pango la kiasi maalumu liko kushoto, lakini ukikubaliana na mwenye nyumba umlipe kwa kila gunia, pango hilo limehamia kulia, na litaathiri kazi yako kwa namna tofauti kabisa.

Bili ya umeme nayo inaweza kuwa na pande zote mbili. Katika bei za shirika la umeme, TANESCO, zilizoanza Aprili 2016, mteja wa daraja la T1 alilipa Sh 292 kwa uniti bila tozo ya huduma ya mwezi. Mteja mkubwa zaidi, wa T2, alilipa Sh 195 tu kwa uniti, lakini juu yake kulikuwa na tozo ya huduma ya Sh 14,233 kwa mwezi na Sh 15,004 kwa kila kVA ya kiwango cha juu cha matumizi alichofikia. Mwenye mashine wa T2 alikuwa na mzigo mzito zaidi kushoto na mwepesi zaidi kulia. Tutaona kwamba wepesi ule wa kulia ndio unaomfanya mtu asage zaidi. Uzito wa kushoto haumsukumi popote.

Hatua ya pili: pima gharama ya magunia yanayofuata

Swali la wengi ni, "Gunia moja linanigharimu kiasi gani?" Linasikika sawa, lakini jibu lake ni wastani, na wastani huficha mambo. Swali linalofaa ni hili: magunia kumi yanayofuata yataniongezea gharama kiasi gani?

Tuseme bei ya soko ya kukoboa na kusaga gunia la kilo 100 ni Sh 8,000, na mashine yako iko hivi kwa siku:

| Magunia | Gharama inayoongezwa na kumi haya | Jumla ya gharama zinazobadilika | Mapato | Kinachobaki kabla ya pango na wenzake |
|---|---|---|---|---|
| 10 | 45,000 | 45,000 | 80,000 | 35,000 |
| 20 | 35,000 | 80,000 | 160,000 | 80,000 |
| 30 | 45,000 | 125,000 | 240,000 | 115,000 |
| 40 | 65,000 | 190,000 | 320,000 | 130,000 |
| 50 | 95,000 | 285,000 | 400,000 | 115,000 |

Kumi ya kwanza ni ghali kidogo kwa sababu wateja ni wachache na mota inazunguka tupu kati ya mmoja na mwingine. Kumi ya pili ni rahisi kwa sababu kazi inafuatana. Kuanzia kumi ya nne mambo yanabadilika: unalipa vibarua posho ya usiku, mota inapata moto na kulazimika kupumzishwa, nyundo na chekeche zinakwisha haraka, na mzigo mwingine unarudiwa kwa kuwa unga haukulainika. Kila mwenye mashine anaijua hali hii. Wachache wanaiandika.

Sasa linganisha. Kila kumi inaleta Sh 80,000. Kumi ya nne inagharimu Sh 65,000, kwa hiyo inakuachia Sh 15,000. Kumi ya tano inagharimu Sh 95,000, kwa hiyo inakula Sh 15,000 za zile zilizotangulia. Unasimama kwenye magunia 40. Kanuni ni fupi: endelea kusaga maadamu gharama ya gunia linalofuata haijaizidi bei ya soko. Kwenye magunia 40 unabaki na Sh 130,000. Toa Sh 60,000 za kushoto, faida yako ya siku ni Sh 70,000.

Angalia kwamba tumepata idadi ya magunia bila kuligusa pango hata mara moja. Limeingia mwishoni tu, kutuambia faida ni kiasi gani.

Hatua ya tatu: pango likipanda, acha mashine kama ilivyo

Mwenye nyumba sasa anataka Sh 1,500,000 badala ya Sh 600,000. Nimeliweka ongezeko kubwa kwa makusudi. Gharama za kushoto zinatoka Sh 60,000 kwa siku na kufika Sh 90,000. Ukirudi kwenye jedwali, hakuna namba hata moja inayobadilika. Magunia 30 yatakupa faida ya Sh 25,000, magunia 40 yatakupa Sh 40,000, na magunia 50 yatakupa Sh 25,000. Arobaini bado ndiyo bora. Faida imeshuka kwa Sh 30,000 kamili, na hakuna namna ya kupanga kazi ya siku itakayoirudisha.

Tuyapime sasa yale mawazo matatu ya usiku.

Kupandisha bei. Jirani yako hana habari na mwenye nyumba wako, na mteja wako vilevile. Ukitaja Sh 9,000 mahali ambapo wote wanasaga kwa Sh 8,000, banda lako litakuwa jeupe na pango litakusubiri palepale.

Kuongeza magunia ili kuligawa pango. Ni kweli kwamba pango na wenzake kwa kila gunia wanashuka: Sh 90,000 kwa magunia 40 ni Sh 2,250 kwa gunia, kwa magunia 50 ni Sh 1,800. Mwenye mashine anafurahia ile Sh 450 aliyoiokoa kwa kila gunia, haoni kwamba kila moja kati ya yale kumi ya mwisho lilimgharimu Sh 9,500 na kumletea Sh 8,000. Pango halikupungua hata shilingi moja. Lilihesabiwa tu juu ya vichwa vingi. Faida ndiyo iliyopungua, kwa Sh 15,000. Katika mawazo yote matatu, hili ndilo linalochosha watu na mashine kuliko mengine, kwa sababu linavaa sura ya bidii.

Kupunguza kazi. Ukishuka hadi magunia 30 kwa kuwa "gharama ni kubwa", umeitupa Sh 15,000 ya kumi ya nne huku pango likiwa lilelile.

Kanuni hii inafanya kazi pia kwa upande wa pili. Aprili 2016 EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ilipoifuta tozo ya huduma ya kila mwezi kwa wateja wa umeme wa daraja la T1, fedha ile ilibaki mfukoni mwa mteja, na kwa mwenye mashine ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini haikumpa sababu ya kusaga gunia moja zaidi. Sababu ya kuongeza magunia hutoka kwenye bei ya uniti, kwa kuwa uniti ndizo zinazoongezeka gunia linapoongezeka.

Hatua ya nne: bei ikishuka, jua lini uendelee na lini usimame

Siku za mavuno zimepita, mahindi yanayoingia mjini yamepungua, na mashine zote zinagombea wateja wachache. Bei ya kusaga imeshuka hadi Sh 5,000. Turudi kwenye pango la zamani la Sh 600,000. Kwa hesabu ya wastani, ukijumlisha kushoto na kulia, gunia lako haliwezi kushuka chini ya takriban Sh 6,170, na hapo ni pale unaposaga magunia 30. Wengi wakiona hivyo hufunga mlango: "Kila gunia linanitia hasara ya zaidi ya Sh 1,000. Nasaga kwa ajili ya nani?"

Usifunge bado. Kwa bei ya Sh 5,000, magunia 30 yanaleta Sh 150,000 na yanagharimu Sh 125,000 upande wa kulia. Zinabaki Sh 25,000 zinazokwenda kupunguza mzigo wa kushoto, na hasara yako ya siku ni Sh 35,000. Ukifunga, na tuseme kwa sasa kwamba mzigo wote wa kushoto unabaki palepale, hasara ni Sh 60,000. Kusaga kwa hasara kumekuokolea Sh 25,000 kila siku. Katika wiki nne hilo ni pango lote la zamani na zaidi.

Angalia pia kilichobadilika kwenye kazi yenyewe. Bei iliposhuka, magunia bora yalitoka 40 hadi 30. Soko lilikuambia upunguze, na lilikuambia kwa bei.

Sasa bei ishuke hadi Sh 3,500. Magunia 20 yanaleta Sh 70,000 na yanagharimu Sh 80,000. Idadi nyingine yoyote kwenye jedwali haikupi nafuu zaidi. Hapa kila siku unayofungua unaongeza angalau Sh 10,000 juu ya hasara ambayo ungeipata ukiwa umelala nyumbani. Funga. Mstari wa kusimama ni wastani wa chini kabisa wa gharama za upande wa kulia peke yake, ambao kwenye mashine yetu ni Sh 4,000 kwa gunia. Juu ya mstari huo kazi inachangia. Chini yake kazi inachukua.

Kanuni hii ni ya zamani. Alfred Marshall, mchumi wa Cambridge, aliieleza katika kitabu chake Principles of Economics cha mwaka 1890: kwa muda mfupi bei inatakiwa kufidia gharama za kazi yenyewe, na kwa muda mrefu ifidie zote. Aliona pia jambo ambalo wenye mashine wanalijua: wazalishaji wengi hukataa kushuka mpaka kwenye mstari wa mwisho kwa kuogopa kuliharibu soko, kwamba mteja akizoea bei ya chini hatakubali ya juu. Hofu hiyo ina haki yake mahali penye mashine mbili au tatu. Penye mashine nyingi, kukataa kwako peke yako hakuishikilii bei. Kunampa jirani yako mteja.

Hatua ya tano: tenga gharama zinazolala mlango ukilala

Kuna gharama ambazo hazipandi gunia likiongezeka, lakini zinatoweka ukifunga. Posho ya mwendesha mashine ni mojawapo, ikiwa mmekubaliana analipwa Sh 15,000 kila siku mlango unapofunguliwa, iwe mtasaga magunia matano au arobaini. Kwenye swali la "magunia mangapi?" posho hii haina sauti. Kwenye swali la "nifungue au nisifungue?" inayo.

Kwa hiyo mstari wa kusimama unasogea juu. Chukua bei ya Sh 4,600. Magunia 30 yanaleta Sh 138,000, toa Sh 125,000, zinabaki Sh 13,000. Kwa hesabu ya hatua iliyopita ungefungua, kwa kuwa Sh 4,600 ni zaidi ya Sh 4,000. Lakini ukifungua unamlipa mwendesha mashine Sh 15,000 ambazo usingezilipa ukifunga. Umepoteza Sh 2,000 kwa kufungua. Siku hiyo ni ya kufanya matengenezo, kunoa au kubadili nyundo, na kusubiri bei. Kwa bei ya Sh 5,000, bado unafungua, ingawa unachookoa sasa ni Sh 10,000 kwa siku na si ile Sh 25,000.

Kwa sababu hiyo, ile safu ya kushoto ya daftari igawe tena mara mbili: zinazolala ukifunga mlango, na zisizolala kabisa. Ukiajiri mtu, ukipanga banda, ukikopa, uliza gharama hiyo itakuwa kwenye kundi gani. Mapatano ya malipo kwa siku ya kazi hukupa uhuru msimu mbaya ukija. Mapatano ya mwezi hukufunga. Lakini kumbuka kwamba uhuru wako hapo unabebwa na mtu mwingine. Mwendesha mashine mzuri asiyekuwa na uhakika wa kesho atakwenda kwa mwenye uhakika, na haki yake ya kuishi isigeuzwe kuwa mstari wa kukatwa tu.

Hatua ya sita: jua kinachobadili magunia kweli

Ikiwa pango haliyagusi magunia ya leo, ni nini kinachoyagusa? Ni bei ya soko na chochote kinachogusa upande wa kulia.

Tuseme umeme na vibarua vinapanda kwa jumla ya Sh 2,000 kwa gunia, na bei ya kusaga bado ni Sh 8,000. Kumi ya nne, iliyogharimu Sh 65,000, sasa ni Sh 85,000, na inaleta Sh 80,000 tu. Unarudi kwenye magunia 30. Ongezeko la Sh 900,000 kwenye pango halikuligusa hata gunia moja. Ongezeko la Sh 2,000 kwenye gunia limeondoa kumi. Wanaopanga tozo za biashara ndogo, Dodoma au halmashauri, wangefaa kuiweka tofauti hii mbele yao: tozo kwa kila gunia hupunguza unga mara moja, na tozo ya mwaka hupunguza faida leo na mashine kesho.

Mgao wa umeme nao upigie hesabu kwa njia ileile. Jenereta ya dizeli ikiongeza Sh 5,000 kwa gunia, kumi zako tatu za kwanza zinagharimu Sh 95,000, Sh 85,000 na Sh 95,000. Kwa bei ya Sh 8,000 hakuna hata moja inayojilipa. "Lakini pango linaenda," utasema. Linaenda ukiwasha, linaenda ukizima. Kwa hiyo lisikushike mkono ukawasha. Ila mashine za mtaa mzima zikizimwa na bei ikapanda hadi Sh 10,000, magunia 30 kwa jenereta yanakuachia Sh 25,000. Kilichobadilika ni bei, na ndiyo inayokuruhusu kuwasha.

Hatua ya saba: mkataba ukiisha, pango lipewe sauti yake yote

Siku ya kuandikiana upya na mwenye nyumba, mambo yanageuka. Pango lililokuwa limekwisha kulipwa halirudi, na maji yakimwagika hayazoleki; lakini pango la mwaka ujao bado liko mfukoni mwako. Siku hiyo, na si kabla, uliza: je, bei ninayoitarajia itafidia kushoto na kulia pamoja?

Piga hesabu hii kwa uangalifu, kwa sababu si kila kilichoko kushoto kinastahili kuhesabiwa. Pango, mlinzi, mwendesha mashine na leseni utaviepuka ukiondoka, kwa hiyo vihesabu. Rejesho la mkopo hutaliepuka. Utadaiwa hata ukihamia kazi nyingine, kwa hiyo lisikuzuie wala lisikufukuze. Bei uliyonunulia mashine nayo imepita. Kinachohesabika ni bei ambayo mashine ingeuzwa leo. Kama uliinunua kwa Sh 12,000,000 na leo mnunuzi yuko tayari kutoa Sh 7,000,000, basi swali ni kama Sh 7,000,000 zinakufaa zaidi zikiwa mashine au zikiwa kitu kingine. Ongeza na kipato ambacho wewe mwenyewe ungekipata kwingine. Wenye mashine wengi hawajihesabii mshahara, kisha wanaita mshahara wao faida.

Tazama sasa mtaa mzima. Kwa mzigo wa Sh 60,000 kwa siku na bei ya Sh 8,000, kila mashine inapata Sh 70,000. Habari hiyo haikai kimya. Watu watakodi mabanda na kuleta mashine mpya, na bei itashuka hadi karibu Sh 6,200, mahali ambapo mashine inasaga magunia 30 na kufidia gharama zake bila ziada ya maana. Pango la eneo lote likipanda hadi mzigo uwe Sh 90,000, mwanzoni hakuna kitakachoonekana: mashine zote zitaendelea kusaga kama jana, kwa hasara. Mikataba ikianza kuisha, mmoja ataondoka, kisha mwingine. Wateja wao watakwenda kwa waliobaki, na bei itapanda taratibu hadi Sh 7,000. Hapo waliobaki watakuwa wakisaga magunia 40 kila mmoja.

Haya ndiyo matokeo kamili ya gharama zisizobadilika katika soko la ushindani: kwa muda mfupi hazigusi magunia wala bei, zinakula faida tu, kwa muda mrefu zinapunguza idadi ya mashine, zinampandishia mlaji bei ya unga, na zinawaachia waliobaki kazi kubwa zaidi kwa kila mmoja. Bei ilipanda kwa sababu mashine zilipungua. Aliyejaribu kuipandisha peke yake mwezi wa kwanza alikuwa sahihi kuhusu mwelekeo, na alikosea kuhusu nani mwenye uwezo wa kuipandisha.

Tahadhari mbili kabla hujafunga daftari

Ya kwanza ni fedha mkononi. Yote niliyosema yanachukulia kwamba unazo fedha za kununulia umeme wa siku. Mashine nyingi hazifi kwa kukosa faida. Zinakufa kwa kukosa uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, asubuhi, kwa sababu fedha ya jana yote ilikwenda kwenye pango na rejesho. Hapo pango linagusa magunia kweli, kwa kupitia mfuko mtupu. Dawa yake ni mpangilio: fedha ya umeme na vibarua wa kesho itoke kwanza kwenye mauzo ya leo, kinachobaki ndicho kiwekwe akiba ya pango na rejesho. Ukibanwa, zungumza mapema na mwenye nyumba au mkopeshaji kuhusu tarehe, maana mashine inayosaga inaweza kulipa deni, na iliyozimwa haiwezi.

Ya pili ni ukubwa wa mashine. Siku ya kununua, gharama isiyobadilika ni chaguo lako. Mashine kubwa yenye rejesho zito mara nyingi husaga gunia kwa gharama ndogo zaidi upande wa kulia. Ukishainunua, itakufanya usage zaidi kwa sababu ya wepesi huo wa kulia, na rejesho halitakuwa na sehemu katika uamuzi wa kila siku. Kwa hiyo hesabu yote ya rejesho ifanyike kabla ya saini: bei ikishuka kwa msimu mzima, je, kinachobaki juu ya umeme na vibarua kitatosha kulilipa? Kama jibu linategemea bei nzuri ya mwaka huu peke yake, nunua ndogo.

Bandika basi maswali matatu ukutani mwa banda lako. Kila siku: gunia linalofuata linagharimu chini ya bei? Bei ikiyumba: nikifungua leo, kitabaki chochote baada ya umeme, vibarua na posho ya siku? Mkataba ukiisha: bei ninayoitarajia itanilipa pango jipya, thamani ya mashine yangu na jasho langu? Pango lisilikaribie swali la kwanza wala la pili. Katika swali la tatu, lijadili bila huruma, na uwe tayari kuondoka.